Damu Haijui Kibantu: Historia ya Jeni ya Selimundu Afrika Mashariki

Muhula uliopita tulikuwa tukifundisha somo la makundi ya lugha za Afrika Mashariki. Tulikuwa tumekwisha kuchora ubaoni tawi la Kibantu na la Kinailoti, ndipo mwanafunzi mmoja akauliza: "Samahani mwalimu, hawa Wabantu na Wanailoti wana damu tofauti?" Kabla hatujajibu, mwenzake akaeleza kwamba kwao kuna mtoto mgonjwa wa selimundu, na ndugu wa baba hawachoki kusema kuwa ugonjwa huo umeletwa na kabila la mama. Darasa zima likanyamaza. Tuliahidi kulijibu swali hilo kwa utaratibu. Makala hii ndiyo jibu letu.

Jina na maana yake

Neno selimundu limeundwa kwa seli na mundu. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, hivyo hupita bila shida katika mishipa midogo. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe hizo hujipinda kama mundu zinapokosa oksijeni. Hukwama njiani na kuleta maumivu makali, tena huvunjika upesi na kumwacha mgonjwa na upungufu wa damu. Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza chembe hizi kwa maandishi mwaka 1910, baada ya kuziona katika damu ya mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada.

Mwaka 1949 James Neel alionyesha jinsi ugonjwa huu unavyorithiwa. Kila mtu hupata nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala mbili za selimundu ni mgonjwa. Mwenye nakala moja ni mbebaji tu, na kwa kawaida huishi maisha yake bila kujua. Sisi walimu wa lugha tuzingatie tofauti ya maneno hayo mawili, mgonjwa na mbebaji, maana kuyachanganya huwatia watu hofu isiyo ya lazima. Aidha, hapa tayari tunapata nusu ya jibu kwa ndugu wa yule baba: mtoto hawezi kuwa na nakala mbili bila kupokea moja kutoka kila upande.

Wataalamu walipotafuta jibu katika lugha

Mwaka huohuo wa 1949, Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo ya kupima damu ya watu wa makabila mbalimbali ya Uganda. Walikuta tofauti kubwa sana. Mahali pengine wabebaji walikuwa wachache mno, lakini kwa Baamba wa Bundibugyo walikaribia asilimia 40 au zaidi. Kwa nini? Enzi hizo za ukoloni ilikuwa desturi kuwapanga Waafrika kwa mafungu ya Wabantu, Wanailoti na wale walioitwa Wahamiti. Basi watafiti hao nao wakatafuta maelezo katika asili ya makabila na mchanganyiko wao. Kwa maneno mengine, uainishaji wa lugha ulifanywa kuwa ramani ya damu.

Kijana mmoja aliitazama ramani hiyo kwa jicho jingine. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya, katika shamba la wazazi wake huko Gilgil. Akiwa mwanafunzi wa Oxford, alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokwenda Mlima Kenya mwaka 1949, naye akaitumia safari hiyo kukusanya damu ya watu wa sehemu mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria wabebaji walizidi asilimia 20. Katika nyanda za juu, zilizo katikati ya sehemu hizo mbili, hawakufika hata asilimia 1.

Hapo ndipo ramani ya lugha ilipovunjika. Wajaluo wa kando ya ziwa husema lugha ya Kinailoti, na Wagiriama wa pwani husema lugha ya Kibantu. Wote walikuwa na wabebaji wengi. Wakikuyu ni Wabantu na Wamasai ni Wanailoti. Wote, wakiishi kwenye nyanda za juu, walikuwa na wachache. Lugha haikueleza kitu. Mbu ndiye aliyeeleza: palipokuwa na malaria ya mwaka mzima ndipo jeni ilipojaa, na palipokuwa na baridi na mbu wachache ilikuwa adimu.

Hesabu ya kijiji

Sasa tuulize swali gumu zaidi. Zamani, kabla ya tiba za kisasa, wengi wa watoto wenye nakala mbili walikufa kabla ya kupata watoto wao. Ikiwa ni hivyo, kwa nini jeni hii haikwisha? Tukadirie kijiji chenye watoto 1,000 wanaozaliwa, ambamo nakala 10 katika kila 100 za jeni ni za selimundu. Kwa kanuni iliyotolewa na Hardy na Weinberg mwaka 1908, tutapata wagonjwa 10, wabebaji 180, na watoto 810 wasio na jeni hiyo kabisa.

Wagonjwa wote 10 wakifa, nakala 20 zinapotea. Zinabaki nakala 180 katika 1,980, yaani kiwango kimeshuka kutoka asilimia 10 hadi kama 9. Hali ikiendelea hivyo, baada ya vizazi kumi kiwango kitakuwa asilimia 5 tu, na kitazidi kupungua.

Lakini tuseme malaria nayo inaua watoto 90 kati ya wale 810 na kuwaacha wabebaji. Wanabaki watoto 900: 720 wasio na jeni na wabebaji 180. Hesabu nakala zao: 180 katika 1,800. Ni asilimia 10 ileile! Malaria imerudisha kile ambacho selimundu ilikiondoa. Huu ndio uteuzi asilia. Hauna nia wala huruma, wala haumtafuti aliye bora kwa jumla. Huacha tu nyuma wale waliofaulu kuishi na kuzaa mahali fulani, kwa wakati fulani. Tukiondoa mbu kijijini, mizani inalala upande mmoja na jeni inaanza kupungua.

Ushahidi

Allison alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953 kuipima hoja yake, na mwaka 1954 akaichapisha. Miongoni mwa watoto 290 wa Buganda, wabebaji walikuwa 43, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28. Kati ya watoto 247 wasio na jeni, 113 walikuwa na vimelea, yaani asilimia 46.

Vilevile aliwaambukiza malaria kwa makusudi Wajaluo watu wazima 30 waliojitolea, nusu yao wakiwa wabebaji. Malaria ilishika kwa 14 kati ya 15 wasio na jeni, na kwa wawili tu kati ya wabebaji 15. Jaribio la namna hiyo leo lingeulizwa maswali mazito kuhusu maadili na ridhaa. Jina la mtafiti limo vitabuni, ilhali wale 30 wanakumbukwa kwa hesabu tu. Tunaona ni haki mwalimu anayesimulia historia hii awataje nao.

Hoja hiyo ilipingwa mwanzoni, lakini ushahidi uliendelea kuongezeka. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa mbebaji ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Ikumbukwe kwamba kinga hiyo si kamili. Mbebaji naye anahitaji chandarua na dawa.

Hapa Uganda, sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 97,000 zilipimwa mwaka 2014 na 2015. Wabebaji walikuwa asilimia 13.3, na wagonjwa asilimia 0.7. Kiwango kilitofautiana wilaya kwa wilaya, lakini hakuna eneo la nchi lililokosa jeni hiyo kabisa.

Hitimisho

Tunarudi kwa wanafunzi wetu wawili. Kwa wa kwanza tunasema: Kibantu na Kinailoti ni majina ya jamii za lugha. Lugha hufunzwa na huazimwa, na mtu anaweza kuihama katika kizazi kimoja. Jeni hupita kwa kuzaa tu, na kiwango chake hufuata mazingira ambamo wazee waliishi. Tunapochora matawi yale ubaoni, tuseme wazi kwamba hatuchori matawi ya damu.

Kwa wa pili tunasema: nenda nyumbani ukawaeleze wazee kwa adabu na kwa lugha wanayoielewa. Mtoto yule amepokea nakala moja kwa mama na moja kwa baba. Hakuna laana wala ukoo wa kulaumiwa. Kila nakala ilifika kwake kwa sababu babu au bibi fulani, aliyelala karibu na maji yenye mbu, aliiponea malaria iliyowachukua wenziwe. Badala ya kutafuta mkosaji, ukoo mzima ungefanya vyema kwenda kupima damu, vijana wanaotarajia kuoana wakitangulia, na kumpeleka mtoto kliniki bila kukosa.