Karo Iliyolipwa kwa Biskuti

Nikimpa msee wa mtaa wetu biskuti za maziwa lala, zile za Wamarekani wa kusini zenye yai na soseji ndani, ugomvi huanza kabla hajameza. Hii ni biskuti aje na haikutoka kwa pakiti? Mbona haiwezi kuchovywa kwa chai? Mwingine anasema ni mandazi iliyoenda majuu ikarudi na lafudhi. Sawa, tuongee. Lakini nikianza siachi kwa jina, maana hiki kitu kina historia nzito kuliko siagi yote iliyo ndani yake.

Jina tulimalize haraka. Neno limetoka Kilatini, na maana yake ni kitu kilichookwa mara mbili: mkate mkavu wa mabaharia na wanajeshi, mgumu kama tofali, wa kukaa miezi bila kuoza. Waingereza wakabaki na maana ya kitu kikavu, wakakitia sukari, wakaja nacho huku, nasi tukakiita biskuti. Wamarekani kile kitamu walikiita kuki, neno la Kiholanzi, kwa sababu New York ilianza kama mji wa Waholanzi. Jina la biskuti likabaki bila kazi mpaka likadakwa na mkate mdogo laini wa kusini. Kwa hivyo hakuna aliyekosea, tulieni.

Sasa twende kusini kwenyewe, Virginia na Maryland, kabla beking pauda haijagunduliwa. Kulikuwa na biskuti ya kupigwa. Kama hadithi naipenda sana, kama kazi siitaki hata kidogo. Unachukua unga wa ngano, mafuta ya nguruwe, chumvi na maji au maziwa kidogo. Donge linakuwa gumu. Unaliweka juu ya kisiki au jiwe laini, unalipiga kwa nyundo ya mbao au kisogo cha shoka, unalikunja, unalipiga tena. Nusu saa, wakati mwingine zaidi, mpaka lianze kutoa malengelenge na kulia ukilivuta. Hiyo hewa unayoigongelea ndani ndiyo hamira yako. Wapishi wa kule walikuwa na kanuni ya mdomo: mapigo 300 kama ni familia tu, 500 kama kuna wageni.

Na nani alikuwa anapiga? Si mwenye nyumba. Ni watu waliotumikishwa kama watumwa, wanawake na watoto, kukiwa bado giza, ili wenye nyumba wakiamka wapate kitu cha moto mezani. Baadaye, utumwa ulipokwisha, wazungu wa kusini waliandika vitabu vya mapishi wakiikumbuka kwa mahaba ile sauti ya alfajiri ya donge likipigwa. Manze, fikiria mtu anakosa usingizi akukandie unga, halafu wewe unaikumbuka kama muziki.

Yule aliyepiga alikula nini mwenyewe? Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland na kutoroka mwaka 1838, aliandika posho ya mwezi kwenye shamba alikokulia: ratili 8 za nyama ya nguruwe au samaki, ambayo ni kama kilo 3.6, na busheli moja ya unga wa mahindi. Ngano ilikuwa ya nyumba kubwa. Ukikulia Kenya hiyo hesabu unaijua bila kuelezwa. Unga wa mahindi ni wa kila siku, unga wa ngano unangoja Krismasi au mgeni, na chapati zikipikwa mpaka majirani wanajua. Tofauti ni kwamba kwetu ilikuwa bei. Kule ilikuwa sheria na mjeledi.

Huyo Douglass ndiye sababu naandika haya yote. Alipokuwa mtoto alipelekwa Baltimore kwenye nyumba ya familia ya Auld. Mama wa nyumba akaanza kumfundisha alfabeti, mume wake akakataza, kwamba mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Mtoto akasikia, na akaelewa kuliko walivyotaka aelewe. Nyumbani hapo mkate haukukosekana, lakini watoto wazungu maskini wa mtaani walikuwa na njaa. Yeye hana alfabeti, wao hawana chakula. Kwa hivyo kila akitumwa nje alibeba kitabu na mkate mfukoni, akimaliza kazi aliyotumwa anasimama na wale vijana. Anawapa mkate, wanampa somo. Katika kitabu chake cha 1855 anaiita kabisa karo, na anasema biskuti moja ilitosha kwa somo moja.

Soma hiyo tena. Karo. Ya biskuti.

Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Sitaki huruma, nishazoea watu wakiuliza "utarudi lini" kwa ile sauti ya matanga. Ila nilipofika kwenye huo ukurasa wa Douglass niliweka simu chini. Mtoto ambaye kwa sheria hata mwili wake si wake, anaangalia soko, anaona nani ana nini na nani anataka nini, anafungua shule yake barabarani. Walimu wake wenyewe ni watoto wenye njaa. Na wale vijana, anasema, hakuwataja majina kitabuni asije akawaletea shida, kwa sababu kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa lisilosamehewa katika nchi ya Kikristo. Hiyo kejeli ni yake, si yangu.

Si kila mpishi alipata hata hiyo nafasi. Abby Fisher alizaliwa South Carolina karibu 1831, akaishi utumwani, na baada ya vita akahamia San Francisco na mumewe. Huko akafanya biashara ya achari na jemu, akashinda tuzo kwenye maonyesho. Mwaka 1881 akatoa kitabu cha mapishi. Yeye na mumewe hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hivyo alikisema chote kwa mdomo, wengine wakaandika. Mapishi ya kwanza kabisa kitabuni? Biskuti ya kupigwa ya Maryland. Kuna watu wanaona hapo mapishi tu. Mimi naona mtu anayeanza na ile kazi iliyochosha mikono zaidi, na safari hii jina lililo juu ya jalada ni lake.

Sasa sayansi, na hapa Waluhya mtafurahi. Kilichoua nyundo ni jivu. Wamarekani walichoma miti, wakachuja maji kwenye jivu, wakayachemsha mpaka ikabaki chumvi nyeupe. Ukiichanganya na kitu kichachu inatoa gesi, donge linafura bila kupigwa. Si hiyo ni binamu wa musherekha? Yale maji ya jivu la maganda ya maharagwe ambayo kukhu anatumia kulainisha mrenda na likhubi! Kule walilichukulia jambo hilo kwa uzito mpaka hataza ya kwanza kabisa ya Marekani, mwaka 1790, yenye sahihi ya George Washington, ilikuwa ya Samuel Hopkins na njia yake ya kutengeneza hiyo chumvi ya jivu. Mwaka 1796 Amelia Simmons akaitia kwenye mapishi ya kitabu chake. Mwaka 1846 Austin Church na John Dwight wakaanza kuuza soda ya kuokea kwa pakiti, na kufikia 1856 profesa wa Harvard, Eben Horsford, alikuwa na hataza ya asidi ya unga iliyokuja kuwa beking pauda ya kisasa.

Soda peke yake haifanyi kitu kizuri, inahitaji uchachu. Hapo ndipo maziwa yanaingia. Ukisukasuka maziwa yaliyoganda siagi ikatoka, kinachobaki ni maji mazito machachu. Kwenye joto la kusini, bila friji, hayo ndiyo yaliyokuwapo kila siku. Asidi ya maziwa inakutana na soda, gesi inatoka papo hapo, na uchachu wenyewe unalainisha unga. Halafu ngano ya kusini ni laini, haina nguvu nyingi ya kuvutika kama ya mkate, na kampuni kama White Lily ya Knoxville, iliyoanza 1883, ilijengwa juu ya unga huo. Reli na vinu vipya vikashusha bei ya ngano, na biskuti ikatoka nyumba kubwa ikaingia jikoni kwa kila mtu. Hata kikata biskuti cha springi kilipewa hataza mwaka 1875 kwa Mmarekani mweusi, Alexander Ashbourne.

Na ile ya kujazwa? Hiyo ni chakula cha msafiri na mfanyakazi. Pasua, weka kipande cha nyama, funga kwa kitambaa, nenda shamba au kiwandani. Lakini wanaonivutia zaidi ni wanawake weusi wa Gordonsville, Virginia. Mji ulikuwa njia panda ya reli, na treni za wakati huo hazikuwa na mabehewa ya chakula. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoisha 1865, wanawake waliotoka utumwani walisimama pale stesheni na sinia kichwani, wakiinulia abiria madirishani kuku wa kukaanga, mikate ya moto, pai na kahawa. Ukitaka picha yake simama Mtito Andei basi likiingia. Zile mbio, zile mikono juu, "mayai, mayai, hot", chenji inarushwa gari likiondoka. Ni watu walewale, karne tofauti.

Mamlaka ya mji haikukawia. Leseni, ada, masharti ya nani auze wapi. Mwanahistoria Psyche Williams-Forson ameandika kitabu kizima akianzia kwa hawa wanawake, na jina la kitabu lenyewe linasema walijenga nyumba kwa mapaja ya kuku, kwa sababu binti ya mmoja wao alisimulia kwamba ndivyo mama yake alivyolipia nyumba yao. Kwa steji yetu kuna mathe anauza mandazi na mayai kuanzia saa kumi na moja asubuhi. Mwezi uliopita askari wa kaunti walibeba beseni lake na stovu. Ada ya kuvitoa ilizidi faida yake ya wiki mbili. Alirudi siku ya tatu na beseni la kuazima, na kijana wake anayefanya KCSE mwaka huu ndiye alikuwa anakata vitunguu. Usiniambie hiyo karo inalipwa na mwingine.

Hatua zilizofuata ni za pesa kubwa na hazinichangamshi sana. Mwaka 1931 Lively Willoughby wa Louisville akapata hataza ya donge la biskuti ndani ya kopo, lile la kupasua pah! halafu unaweka kwa oveni. Miaka ya 1970 migahawa ya haraka ikagundua staftahi. Bojangles ikafunguliwa Charlotte 1977, na biskuti ya kuku ikawa chakula cha ndani ya gari. Nafasi ya yule mama wa stesheni ikachukuliwa na dirisha la mgahawa na mshahara wa saa. Mtu ambaye hakukubali njia ya mkato ni Edna Lewis, aliyezaliwa 1916 Freetown, kijiji cha Virginia ambacho babu yake aliyekuwa mtumwa alisaidia kukianzisha. Kitabu chake cha 1976 kinaandika chakula cha kile kijiji msimu kwa msimu, na alichanganya beking pauda yake mwenyewe kwa sababu ile ya dukani aliona ina ladha ya dawa.

Basi za kwangu. Unga vikombe 2, beking pauda kijiko kikubwa 1, soda ya kuokea nusu kijiko kidogo (si magadi, tafadhali), chumvi nusu kijiko kidogo. Siagi gramu 85, baridi kabisa, ifikiche ndani kwa vidole mpaka ibaki vipande kama njegere. Mala baridi robo tatu ya kikombe, ongeza kidogo kidogo. Unga wetu mwingi ni wa chapati, una nguvu, kwa hivyo usikande. Ukikanda umepika tofali. Kusanya tu, kunja mara tatu, sukuma kwa mkono hadi unene wa nusu kidole.

Kata miduara. Katikati ya mmoja weka yai la kuvuruga lililopoa na smoki iliyokatwakatwa, funika kwa mwingine, bana kingo. Yai likiwa la moto siagi inayeyuka na zile tabaka zinaisha. Oveni nyuzi 220, dakika 18 hivi, zikiwa zimegusana ili zipande juu badala ya kutambaa. Huna oveni? Mimi pia sina. Sufuria kubwa nzito na mchanga chini, kibati juu ya mchanga, kifuniko na makaa juu yake. Usifunue kabla ya dakika 20, hata harufu ikikuita kwa jina.