Uso wa Mpira, Uso wa Nyambane

Je, XYZ Show ilifikia Redykyulass? Nasema hapana, japo ndiyo iliyonichekesha zaidi. XYZ ya Gado ilianza Citizen mwaka 2009, ikifuata mtindo wa vikaragosi vya runinga ya Ufaransa. Nyuso zile za mpira zilifanana na wakubwa hadi unashtuka. Lakini wakati huo Ikulu alikuwa Kibaki, na kumcheka rais tulishazoea. Waliotuzoesha ni KJ, Tony Njuguna na Walter Mong'are, yule Nyambane (jina ambalo hapa kwetu Keumbu ukiliita sokoni wanageuka watatu). Yeye alimwigiza Moi, sauti na rungu, Moi akiwa bado madarakani. Kikaragosi hufungiwa sandukuni baada ya shoo. Nyambane alirudi nyumbani na uso uleule.