Kutoka Mkanda Hadi Memori Kadi

Mtowisa, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, nilimkuta kijana akimjazia mteja muvi kwenye memori kadi. Kadi ikajaa. "Nifute zipi, kaka?" Jamaa hakufikiri mara mbili: "Hizo za Kanumba, nishaziangalia." Zikafutwa. Nikabaki najiuliza, nakala mama ziko wapi?

Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri huko Usambara, ulipiga filamu zaidi ya 30 kwa mkanda wa milimita 16 na kuzitembeza vijijini kwa lori. Zinazojulikana kubaki hazizidi vidole vya mkono mmoja, na ziko Uingereza.

Baada ya Uhuru, mwaka 1968, serikali ilianzisha Tanzania Film Company. Lakini mkanda ulikuwa mlafi: sekunde moja inakula picha 24, futi 400 za milimita 16 zinakwisha ndani ya dakika 11 hivi, kisha lazima usafishwe maabara. Ndiyo maana filamu za hadithi kama Arusi ya Mariamu (1985), ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, zilikuwa za kuhesabu.

Kwa hiyo wengi wetu hatukuhama kutoka mkanda kwenda dijitali. Tuliingia kwa mlango wa video. Mwaka 2003 George Tyson alitoa Girlfriend, na Bongo Movie ikashika kasi, bila maabara wala projekta. Huko Marekani, Paramount iliacha kusambaza nakala za mkanda kwenye kumbi mwaka 2014, wakati sisi tulishamzika Kanumba tangu 2012. Tuliwatangulia, ila kwa ufukara, si kwa ubingwa.

Ufukara huo ulitupa uhuru: mwenye kamera ndogo akawa mtengeneza filamu. Ila una deni lake. Mkanda ukiuinua juani, unaiona sura ya mtu. Memori kadi ukiiinua, huoni kitu. Ikifa, imekufa na watu wake.

Zile chache za Vugiri zimesalia kwa sababu kuna mtu aliziweka ghalani. Nasi tufanye hivyo. Kama una kanda au CD ya zamani uvunguni, usiitupe. Inakili, uiweke sehemu mbili. Huenda ndiyo nakala ya mwisho.