Wanawake wa Vita katika Masimulizi ya Mlima Kenya

Masimulizi ya Wakikuyu yanasema kwamba hapo zamani wanawake ndio waliotawala nchi iliyo kati ya Mlima Kenya na Nyandarua. Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa kabila, walikuwa wamepiga makao Mukurwe wa Nyagathanga, mahali palipo leo katika kaunti ya Murang'a, wakajaliwa mabinti bila mwana wa kiume hata mmoja. Mungu alipowaletea vijana wa kuwaoa, sharti la ndoa likawa kwamba waume wahamie kwa wake zao na jamaa nzima iitwe kwa jina la mama. Ndivyo ilivyozaliwa Mbari ya Mumbi, na kila binti akawa chimbuko la ukoo: Wanjiru wa Anjiru, Wambui wa Ambui, Wangari wa Angari, na wenzao.

Jomo Kenyatta alikiweka kisa hiki katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, na humo wanawake wanaonekana kama wapiganaji wakali. Mke mmoja alikuwa na waume kadhaa, na mwanamume aliyezini, au hata aliyefanya kosa dogo tu, aliweza kuuawa. Wanaume walikutana kwa siri na kukubaliana wawape wanawake mimba kwa wakati mmoja, wakianza na viongozi wao. Miezi sita ilipopita, wanawake hawakuwa na nguvu za kushika silaha, na utawala ukapinduliwa bila upinzani wa maana. Jina la kabila likabadilishwa kuwa la Gikuyu, na wanaume wakapata ruhusa ya kuoa wake wengi. Walipotaka kubadilisha majina ya koo pia, wanawake walikataa katakata, wakatishia kwamba hawatazaa tena na kwamba watoto wote wa kiume waliotokana na hila hiyo watauawa. Wanaume wakaogopa, na majina ya koo yamebaki ya mabinti wa Mumbi mpaka leo.

Aliyesoma maandishi ya Wagiriki wa kale ataona kisa hiki kina ndugu yake mbali. Katika Iliadi, Homer anawataja Waamazoni, wanawake wa vita wanaolingana na wanaume, na washairi waliomfuata walisimulia jinsi malkia wao Penthesilea alivyouawa na Achilles mbele ya Troy. Herodotus, katika karne ya tano kabla ya Kristo, aliandika kwamba Waamazoni waliosalia waliolewa na vijana wa Kiskithi wakazaa taifa ambalo binti yake haolewi kabla hajaua adui. Athens ilichonga vita vya Waamazoni kwenye hekalu la Parthenon. Mji huohuo haukuwapa wanawake wake kura wala nafasi ya kunena katika baraza. Mwamazoni wa Ugiriki ni hodari sana, lakini hadithi humpa uhodari huo ili ushindi wa mwanamume uwe mkubwa zaidi.

Kisa cha Mbari ya Mumbi nacho kinafanya kazi ya namna hiyo, ila kina jambo la ziada ambalo Wagiriki hawakuwa nalo. Katika desturi za Wakikuyu, ardhi ilirithiwa upande wa baba, vita vilikuwa vya vijana wa rika, na baraza la wazee liitwalo kiama lilikuwa la wanaume. Hata hivyo, kila mtu alijitambulisha kwa ukoo wenye jina la mwanamke. Mtoto yeyote mwerevu angeuliza kwa nini, na kisa kinampa jibu: mamlaka yalinyang'anywa kwa hila, na majina yakabaki kwa sababu wanawake waliyatetea. Hakuna ushahidi kwamba utawala wa namna hiyo uliwahi kuwapo, lakini masimulizi yanakiri kwamba nguvu ya wanaume ina mwanzo, na kwamba mwanzo wake haukuwa wa haki. Kukiri huku ni kukubwa kuliko wasimulizi wengi wanavyodhani.

Mwanamke wa kwanza wa historia iliyoandikwa kumezwa na hadithi hii ni Wangu wa Makeri wa Weithaga, Murang'a. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, chifu Karuri wa Gakure alimteua kuwa msimamizi wa eneo lake chini ya serikali ya kikoloni, cheo ambacho hakuna mwanamke mwingine wa Kikuyu aliyekuwa nacho wakati huo. Alikusanya kodi ya nyumba na kuwafunga walioshindwa kulipa. Mwaka 1909 aliacha madaraka baada ya kashfa ya kucheza kibata, ngoma ya wapiganaji ambayo ilikuwa ya wanaume peke yao. Hayo ni ya muda usiofika miaka kumi. Katika midomo ya watu, hata hivyo, Wangu amehamishwa zama: amekuwa malkia wa kale aliyekalia migongo ya wanaume na kuangushwa kwa ile hila ya mimba. Ofisa wa kodi wa enzi za Waingereza amevikwa kisa kilichomtangulia kuzaliwa. Mizaha inayorudiwa nchini Kenya kuhusu wanawake wa Nyeri wanaodaiwa kuwapiga waume zao hunywa kutoka kisima hichohicho, nayo imewafunika wanawake waliobeba silaha kwelikweli.

Njia ya kuelekea kwa hao inapitia Nairobi. Harry Thuku, kiongozi aliyepinga serikali ya kikoloni, alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati uliotaka aachiliwe ulikusanyika nje ya kituo cha polisi. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru, naye mzaliwa wa Weithaga, aliinua gauni lake mbele yao na kuwataka wampe suruali zao avae yeye. Kwa Wakikuyu, mama kuonyesha uchi wake ni laana na ni tusi lisilojibika. Umati ulisonga mbele, polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Mwaka 1992 akina mama walitumia silaha hiyohiyo katika bustani ya Uhuru, walipovua nguo mbele ya polisi wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa. Pamoja nao alikuwa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Nyeri ilikuwa kati ya vitovu vya vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji, alitoka Tetu huko Nyeri, na misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya inaanzia pale mashamba yanapoishia. Wanawake walilisha kiapo, walipika na kupeleka chakula usiku, walificha risasi na kuleta habari za mienendo ya askari. Walioingia msituni hawakupokelewa wote kwa usawa: viongozi wengi waliwataka wapike, wachote maji na watafute kuni, na jambo la wanaume na wanawake kuishi kambi moja lilizua ubishi mkali.

Muthoni wa Kirima aliuvuka mpaka huo. Alizaliwa Nyeri karibu na mwaka 1930, akakulia katika shamba la mlowezi ambako wazazi wake walifanya kazi. Mumewe alitangulia msituni, na Muthoni akabaki akiwapelekea wapiganaji mahitaji. Askari walimpiga vibaya wakitaka aseme mume yuko wapi; baada ya hapo naye aliingia msituni. Huko alipigwa risasi, akaharibikiwa na mimba, asipate mtoto tena. Kimathi alimwita Thonjo, yaani mnana, ndege hodari wa kusuka kiota, kwa jinsi alivyopanga mbinu. Alipanda hadi cheo cha fildi mashali, mwanamke pekee kukifikia katika Mau Mau. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, lakini Muthoni hakutoka msituni mpaka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963.

Waliobaki nyumbani walikuwa na vita vyao. Kuanzia Juni 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kazi ya shokoa iliwaangukia wanawake. Ni wao hasa waliochimba, kwa majembe na chini ya usimamizi wa homugadi, yaani walinzi wa Kiafrika walioitumikia serikali, handaki la kilomita 80 hivi pembeni mwa msitu, lenye miti iliyochongwa ncha chini yake, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Wanawake wapatao 8,000 waliwekwa kizuizini kati ya 1954 na 1960, wengi wao katika gereza la Kamiti.

Serikali ya Kenya iliondoa marufuku dhidi ya Mau Mau mwaka 2003. Mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa katika bustani ya Uhuru mwezi Septemba 2015, baada ya Uingereza kukubali kuwalipa fidia walioteswa, unaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Wamegeuza nyuso zao pembeni, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake.

Baada ya uhuru, Muthoni alipewa na Jomo Kenyatta, aliyekuwa sasa rais, kibali cha kukusanya pembe za ndovu, naye alirudi msituni kuzitoa zile ambazo wapiganaji walikuwa wamezifukia. Baadaye alikuwa diwani wa kuteuliwa Nyeri. Nywele alizofuga tangu msituni hakuzikata, akisema matunda ya uhuru hayajaonekana, mpaka Aprili 2022 aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais huyo, nyumbani kwake Nyeri. Alifariki tarehe 4 Septemba 2023.