Picha huielekeza sindano kwenye uvimbe wa titi

Si kila uvimbe wa titi ni saratani, wala si kila saratani ya titi huhisiwa kwa vidole. Nyingine huonekana kwanza katika mamografia, yaani eksirei ya matiti, kama kivuli au chembechembe za kalsiamu. Ili kujua ni nini hasa, daktari hufanya biopsi inayoongozwa na picha.

Ikiwa uvimbe waonekana kwa ultrasaundi, titi hutiwa ganzi, kisha daktari huitazama sindano kwenye skrini ikipenya hadi mahali penyewe na kukata vipande vyembamba vya tishu. Chembechembe za kalsiamu aghalabu hazionekani vyema kwa njia hiyo. Kwa hivyo titi hubanwa katika mashine ya eksirei na kupigwa picha mbili za pembe tofauti, nayo kompyuta hukokotoa kina cha mahali panapolengwa. Mbinu hii ilibuniwa nchini Uswidi katika miaka ya 1970.

Vipande hivyo huchunguzwa maabarani kwa hadubini. Upasuaji ukihitajika, waya mwembamba wenye ndoano nchani huweza kuingizwa kwa mwongozo wa picha ili kumwonyesha mpasuaji pa kukata.

Wapo wanaohofia kwamba sindano husambaza saratani. Hata hivyo, tafiti hazijaonyesha kuwa biopsi hii humpunguzia mgonjwa uwezekano wa kupona. Hatari kubwa ni kuchelewesha tiba, au kukatwa titi kabla ya kujua kilichomo.