Nabe Haikuanzia kwa Wadosi

Wasee, kuna uongo mmoja nataka tuuzike leo. Eti nabe, ile supu ya Kijapani inayochemka katikati ya meza kila mtu akichota chake, ni chakula cha wadosi. Nairobi ukiipata, iko kwenye menyu yenye bei ya kukufanya uagize maji tu na ujifanye umeshiba. Lakini neno lenyewe, nabe, maana yake ni sufuria. Basi. Na ukifuatilia historia ya hiyo sufuria, unakuta watu wasio na doh wamejaa ndani.

Turudi nyuma. Nyumba za mashambani Japani zilikuwa na irori, shimo la moto la mraba katikati ya sakafu. Juu yake sufuria ya chuma ilining'inia kwa ndoano. Moto huo mmoja ulipika na pia ukapasha nyumba nzima joto. Kwa hivyo sufuria ilikuwa moja, na ndani iliingia chochote kilichopatikana: figili, uyoga, mboga, nafaka. Hakuna mtu aliyeketi akabuni mtindo wa kula pamoja. Kuni ndizo ziliamua.

Na nyama je? Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 9. Amri za aina hiyo zilirudiwa baadaye, dini ya Kibuddha ikazitia nguvu, na kwa karne nyingi kula ng'ombe kukawa jambo la aibu. Sio kwamba watu waliacha kabisa. Wengine walikula chini ya maji wakisema ni dawa. Si unajua binadamu.

Halafu bandari ya Yokohama ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1859. Wageni walitaka nyama, wenyeji nao wakaonja. Wakaikata, wakaitia kwenye sufuria na vitunguu na miso ya kuua harufu. Hiyo ndiyo gyunabe, sufuria ya ng'ombe, iliyozaa sukiyaki ya Tokyo. Januari 1872 ikatangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe anakula nyama ya ng'ombe, maana serikali ilitaka Wajapani wenye nguvu wa kushindana na Wazungu. Wiki chache baadaye, kikundi cha watawa kikajaribu kuingia Ikulu kwa nguvu kupinga mambo hayo, na baadhi yao wakauawa. Manze, watu wamekufa kwa sababu ya kilicho kwenye sufuria. Hii si hadithi ya picha nzuri tu.

Lakini ile inayonigusa zaidi ni motsunabe, nabe ya matumbo. Inatoka Fukuoka, kisiwa cha Kyushu, na Kyushu ilikuwa nchi ya migodi ya makaa ya mawe. Wakorea wengi walifanya kazi humo, na wakati wa vita wengi walipelekwa kwa lazima. Simulizi linalojulikana zaidi ni kwamba hao wachimba migodi walichukua matumbo ambayo wengine hawakuyataka, wakayapika kwa sosi ya soya na majani ya nira, yenye harufu ya saumu, kwenye sufuria za alumini. Chakula cha mtu asiye na chaguo.

Sasa ona maajabu. Miaka ya 1980 Japani ilikuwa inaogelea kwa pesa. Kufika mwanzo wa miaka ya 1990 uchumi ukaporomoka, na watu wa Tokyo wakaanza kutafuta raha ya bei nafuu. Motsunabe ikavuma, hadi mwaka 1992 jina lake likatuzwa kati ya maneno yaliyotamba nchini. Leo watalii wanapiga foleni Fukuoka kuila. Wale waliodharauliwa kwa kula matumbo hawatajwi sana kwenye hizo picha.

Ndio maana nasema, ukipika hii kitu na kuweka video, sema imetoka kwa nani. Niliacha chuo, hakuna mtu atanipa alama kwa kusema hivyo. Lakini najua watu wa rika langu wanaoficha kwamba wamekula matumbo, halafu wangeyalipia vizuri yakiletwa na jina la kigeni. Ukijua hii historia, huwezi kuona haya tena.

Kwa keja langu naipika hivi. Nachukua omena, natoa vichwa na tumbo ili zisilete uchungu, nachemsha polepole, nachuja. Sio kubahatisha: Wajapani hufanya hivyo hivyo na niboshi, samaki wadogo waliokaushwa. Wengine hutumia mwani wa kombu, ambao ndio mwaka 1908 Profesa Ikeda Kikunae alitoa ndani yake glutamati, akaipa ladha yake jina la umami. Matumbo nayachemsha mbali na tangawizi hadi yalainike. Kisha yote yanaingia kwenye supu na sosi ya soya, saumu, pilipili na majani ya kitunguu, kabeji ikilundikwa juu. Kabeji hutoa maji yake na kushuka yenyewe. Funika, ngoja, kula ikichemka.

Akija mtu akikwambia hiyo si nabe halisi kwa sababu umetumia kabeji ya sokoni, mwambie hata kabeji ya Kichina, ambayo siku hizi haikosi kwenye nabe, ilienea Japani baada ya enzi ya Meiji kuanza. Hata wao walitumia kilichofika.

Na usimwage supu itakayobaki. Wajapani wana hatua ya mwisho inaitwa shime, yaani kufunga. Wanatia wali au tambi kwenye supu iliyobaki. Mimi natia wali wa jana na yai moja. Ukiwa na beste mgeni mtaani ambaye hajala vizuri wiki hii, mwite kabla ya hapo. Sufuria hii haikutengenezewa mtu mmoja.