Urari wa Daftari: Mtunza Hesabu wa Duka na Lugha Yake

Ndugu washairi, neno urari twalitumia kila tunapopima vina na mizani. Katika somo la utunzaji wa vitabu vya hesabu, urari ni orodha ya salio zote, ambapo jumla ya upande wa kushoto sharti ilingane na ya kulia. Mizani na mizania nazo zatoka shina moja la Kiarabu. Nilipofundisha ushairi, wanafunzi wa mkondo wa biashara ndio walionielewa upesi.

Hesabu, deni na daftari tuliyapata kwa Waarabu. Hundi twaipata kwa Wahindi. Lakini katika maduka ya Kihindi ya Tanganyika, enzi za Waingereza, kurasa zenyewe ziliandikwa kwa Kigujarati. Mtunza hesabu aliitwa mehta, neno ambalo leo twalijua zaidi kama jina la ukoo. Aliandika rojmel, yaani daftari la fedha za kila siku, kisha akahamishia maingizo kwenye khatavahi, ambamo kila mdaiwa alikuwa na ukurasa wake. Vitabu vipya vilifunguliwa wakati wa Diwali, kwa ibada. Duka dogo mno halikummudu mehta. Mwenye duka au mwanawe alishika kalamu.

Kazi hiyo haikuwa kujumlisha tu. Duka la bara liliishi kwa mali kauli: mwenye duka alikopa bidhaa kwa mfanyabiashara wa jumla mjini, naye huyo alikopa kwa mwagizaji. Asiyejua anamdai nani na anadaiwa na nani aliweza kufilisika huku rafu zimejaa.

Mwaka 1923 serikali ya Gavana Horace Byatt ilileta kodi ya faida, pamoja na sharti la lugha ya vitabu. Kiingereza na Kiswahili vilikubaliwa, Kigujarati hakikuwamo. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafunga maduka kwa wiki kadhaa. Wapo watakaoona fahari kwamba Kiswahili kilitajwa. Mimi nasita. Sharti lile lilimfaa mkaguzi wa kodi kuliko lilivyoienzi lugha. Na mtu aliyejua Kiswahili cha kutaja bei tu, angeandikaje kwacho hesabu za mwaka mzima? Angehitaji karani mwingine, na faida ya duka dogo haikutosha mishahara miwili.

Mwaka 1931 ikaja sheria ya kubana mikopo kwa Waafrika: deni lisilo na idhini ya serikali halikudaika mahakamani. Jina na kiasi vilibaki kwenye khatavahi, na malipo yakategemea kuaminiana.

Rojmel sijaiona katika kamusi yoyote ya Kiswahili niliyoitumia darasani. Sidhani ni ajabu. Mteja alisikia bei na deni pale kauntani. Ukurasa hakuonyeshwa, na hata angeonyeshwa, asingeweza kuusoma. Vitabu vyetu vya kiada vilipoandikwa, leja ilitoka kwa Mwingereza.